Jiwe la Kusagia na Cherehani ya Mama



Wapendwa waamini, tafakari ya juma hili tulikuwa tumekwisha kuianza, nayo ilihusu Daraja la Kigongo–Busisi. Daraja lile lenye urefu wa kilometa 3 lilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 19 Juni 2025, na sisi tuliopata kukaa kivukoni jua likituwakia, tukihesabu mabasi yaliyotutangulia, tunaijua thamani yake bila kufundishwa na mtu. Tulikuwa na maneno mazuri juu ya maendeleo ya Kanda ya Ziwa. Jumatatu asubuhi, baada ya Misa, mama mmoja alitungoja nje ya sakristia, na maneno yale tukayaweka kando.

"Baba," alisema baada ya kutusalimu, "wameichukua cherehani."

Mama huyu ni fundi. Kibanda chake hakiko mbali na soko la Igoma, na wengi wenu mmekwisha kumpelekea sare za shule za watoto wenu kila ifikapo Januari. Alikopa kwa mkopeshaji mmoja wa mtaani, rejesho moja likampita, na Jumamosi jioni vijana wawili wakaja na guta wakabeba cherehani mbele ya wanawe. Tulimuuliza kwa nini alikopa. Alinyamaza kwanza, akatazama chini, kisha akasema kwa heshima kubwa kwamba alikuwa akingoja malipo ya mahali fulani ambayo yalikawia. Ikatuchukua muda, wapendwa, kutambua kwamba mahali hapo ni hapa. Kanzu za watumishi wa altare, zile tulizozisifu Sikukuu ya Pasaka, alizishona yeye kwa kitambaa alichokinunua kwa fedha yake, na sisi tulikuwa hatujamlipa. Hakuna aliyekusudia kumdhulumu. Hati ya madai ilikaa kwenye faili, kamati haikukutana, paa likavuja, mifuko ya saruji ikanunuliwa kwanza. Ndivyo wanavyodhulumiwa wadogo mara nyingi, bila mtu yeyote kukusudia.

Mikopo ya namna hii watu wameipa jina, kausha damu, na jina hilo halihitaji kufafanuliwa. Yafaa hata hivyo tuonyeshe jinsi inavyofanya kazi, maana wengi huingia ndani yake wakidhani wameuelewa mkataba. Tuchukue mfano. Mama anakopa shilingi 100,000. Kabla hajazishika, 10,000 zinakatwa kuwa ada ya fomu, hivyo anaondoka na 90,000. Anatakiwa arejeshe 130,000 kwa majuma manne, yaani 32,500 kila juma. Amelipia 40,000 kwa kutumia 90,000 mwezi mmoja, na hata hapo hatujasema kweli yote, kwa kuwa hizo 90,000 hakai nazo mwezi mzima. Juma la kwanza tu likiisha anaanza kuzirudisha. Sasa tuseme biashara yake ya nyanya humpa faida ya shilingi 6,000 kwa siku baada ya nauli na ushuru, naye anafanya kazi siku sita. Faida ya juma ni 36,000. Akitoa rejesho anabaki na 3,500 za kuwalisha watoto siku saba. Nani awezaye? Basi anakula mtaji, na kufika juma la tatu anakwenda kwa mkopeshaji wa pili ili amlipe wa kwanza. Tunao miongoni mwetu akina mama wenye marejesho ya Jumatatu, ya Jumatano na ya Ijumaa, kila moja la mkopeshaji tofauti, na mume nyumbani hajui hata moja.

Neno la Mungu limekwisha kuiona cherehani hii. Katika Kumbukumbu la Sheria, sura ya 24, Musa anakataza mtu kuchukua rehani jiwe la kusagia, hata lile la juu peke yake, na sababu anayoitoa ni kwamba kufanya hivyo ni kuuchukua uhai wa mtu kuwa dhamana. Kisha anaendelea kueleza jambo ambalo tungependa kila afisa mikopo wa Igoma alisome. Mkopeshaji asiingie nyumbani mwa mdeni kujichagulia rehani. Asimame nje, mdeni mwenyewe amtolee. Na akiwa ni maskini aliyeweka nguo yake ya kujifunikia, arudishiwe kabla jua halijatua ili apate kulala. Torati haikatazi kukopesha. Inaulinda mlango wa nyumba ya maskini na chombo chake cha kazi. Jiwe la kusagia la siku zile ndilo cherehani ya leo, ndilo jiko la mama lishe, ndiyo simu ya kijana anayepokea oda za wateja wake.

Kanisa nalo lina historia katika jambo hili, ingawa tumekuwa wavivu wa kuisimulia. Mwaka 1462, mjini Perugia huko Italia, Wafransisko waliwaona maskini wakinyonywa na wakopeshaji, wakaanzisha mfuko uliokopesha kwa rehani ndogo na riba hafifu ya kulipia gharama za uendeshaji tu. Wengine wakawashambulia wakisema hata hiyo ni riba na ni dhambi. Ubishi ukadumu miongo kadhaa hadi Mtaguso wa Tano wa Laterani, mwaka 1515, ulipoamua kwamba malipo ya kugharimia kazi yanaruhusiwa. Papa Leo XIII, katika waraka Rerum Novarum wa mwaka 1891, alirudia kuilaani riba inayomeza watu, na tunafurahi kwamba Papa aliyechaguliwa mwaka 2025, Leo XIV, alieleza kuwa alilichagua jina hilo akiukumbuka waraka ule.

Wala hatuna haja ya kwenda hadi Perugia. Mwishoni mwa miaka ya 1940 hapa hapa Mwanza palikuwapo ushirika wa wafanyabiashara Waafrika, na kijana Paul Bomani akawa katibu wake. Hakuishia kwa wenye maduka. Alizunguka vijijini, akawakuta wakulima wa pamba wakilalamikia mizani ya wanunuzi, na kazi ya kwanza ya vyama walivyounda ilikuwa nyepesi kuieleza na nzito kuitenda: kuweka watu wao wenyewe wa kuitazama mizani. Kutokana na vyama hivyo mwaka 1955 kikazaliwa chama kikuu cha Victoria, VFCU, ambacho sifa zake zilivuka mipaka ya nchi, na Bomani baadaye akawa Waziri wa Fedha. Hatusemi haya ili tujisifu kwa mambo ya kale. Wazee wenu watawaambia pia jinsi ushirika ulivyooza, jinsi waliochaguliwa kuitazama mizani ya mwingine walivyoichezea yao wenyewe. Mwaka 1976 Serikali ilivivunja vyama vikuu nchini kote, kisha sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha, lakini imani ya watu haikurudi kwa sheria. Hata leo ukisema "ushirika" katika Jumuiya Ndogo Ndogo, mzee mmoja atacheka.

Tangu hapo mfanyabiashara mdogo amekuwa mtu wa kupewa maagizo. Desemba 2016 machinga wa Mwanza walikuwa wakiondolewa katikati ya jiji. Rais Magufuli akasimamisha zoezi. Desemba 2018 akatoa vitambulisho 670,000 kwa nchi nzima, shilingi 20,000 kila kimoja, kwa wenye mauzo yasiyofika milioni 4 kwa mwaka. Mwaka 2021 ikaja amri ya kuwapanga upya, na wengi wakajikuta mahali ambapo mteja hapiti. Hatubishi kwamba barabara ni za watembea kwa miguu pia. Tunachosema ni kwamba mtu ambaye mahali pake pa kazi hubadilika kila baada ya miaka michache hawezi kwenda benki kuomba mkopo wa miaka mitatu. Yule wa kausha damu hamwulizi kibanda chako kitakuwa wapi mwakani. Anakuuliza una godoro, una televisheni, una cherehani?

Ipo mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, nayo haina riba. Ni sheria njema. Ilisimamishwa Aprili 2023 kwa sababu ya vikundi hewa na fedha zisizorejeshwa, ikafunguliwa tena mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Lakini lazima kuwe na kikundi, katiba, usajili na akaunti, na mjane anayeamka saa kumi kwenda kuchukua mzigo hana siku tatu za kukaa kwenye mabenchi ya ofisi. Hapa ndipo walei wetu wenye elimu, wahasibu na walimu wastaafu, wangeweza kuwa msaada mkubwa kuliko harambee yoyote. Askofu Joseph Blomjous alipoanzisha chuo cha Nyegezi mwaka 1960, ambacho mwaka 1998 kilikuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, shabaha ilikuwa elimu ya kuihudumia jamii. Wahitimu wake tunao humu parokiani. Tunawaona wakisoma masomo kwa sauti nzuri Jumapili.

Na sasa neno gumu. Baadhi ya wakopeshaji hao ni waamini wenzetu. Wanaketi mbele, wanatoa zaka, na katika harambee ya mwisho bahasha zao zilishangiliwa. Tulizipokea. Hatukuuliza. Nehemia, alipowakuta wakubwa wa Yerusalemu wakiwa wameweka rehani mashamba na watoto wa ndugu zao, aliwakusanya hadharani akawataka warudishe mashamba na riba, tena alikiri kwamba yeye na watu wake nao walikuwa wakikopesha. Sisi hatuna ujasiri wa kumwita mtu hadharani, wala pengine haifai. Tunawaomba waje tuzungumze. Wakopeshaji hawa hujitetea, na utetezi wao si wa kupuuzwa wote: kwamba wao ndio pekee wanaompa mama fedha ndani ya saa moja mtoto akiwa hospitali, kwamba nao huibiwa, kwamba wakopaji huhama usiku. Ni kweli. Hayo yanaweza kuhalalisha malipo fulani. Hayahalalishi kubeba chombo cha kazi, wala kumsainisha mtu karatasi asiyoisoma. Tena Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni, na Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 za mikopo ya simu zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Kuuliza "leseni yako iko wapi?" si utovu wa adabu.

Lakini kabla ya kumnyoshea kidole mkopeshaji, tujitazame. Tumeongea na akina mama wa jumuiya chache juma hili, na tumesikia kwamba mikopo mingine haikuwa ya nyanya wala ya vitambaa. Ilikuwa ya sare mpya ya Komunyo ya Kwanza, ya kitenge cha sikukuu ya somo, ya chakula cha wageni wa kipaimara, ya mchango wa ujenzi ambao jina la asiyetoa lilisomwa. Tumesoma majina hayo sisi, kwa kinywa chetu, baada ya matangazo. Hatutayasoma tena. Kuhusu sare, tumewaomba Halmashauri ya Walei wakubali kwamba nguo nyeupe safi, hata iliyovaliwa na dada yake mwaka jana, inatosha kumpokea Bwana.

Tumekubaliana pia kwamba parokia itanunua Igoma kile kinachopatikana Igoma. Tulikagua daftari na kuona tunapanda gari hadi katikati ya jiji kununua sabuni, mishumaa ya kawaida, madaftari ya mafundisho, na mchele wa semina, kwa tofauti ya bei ambayo nauli huimeza. Madawati ya darasa la katekesi yatatengenezwa na maseremala wa kando ya barabara ya Musoma, nao watalipwa nusu kabla na nusu siku ya kupokea. Mtu mmoja katika kamati aliuliza kama hiyo haitakuwa ghali zaidi. Huenda ikawa, kidogo.

Juu ya lile daraja: tunalishukuru, na reli itakapokamilika tutaishukuru vilevile. Ila wakati wa kivuko palikuwapo akina mama waliouza samaki wa kukaanga na mananasi kwa abiria waliokuwa wakingoja, na sasa gari hupita juu ya maji kwa dakika chache bila kusimama. Abiria wameongezewa muda, nao wameondolewa wateja. Aliyewahi kuwauliza wanauza nini sasa, na mtaji wameutoa kwa nani, atuandikie.

Fundi wetu alilipwa Jumanne, kiasi chote, na tulimwomba radhi mbele ya katekista. Cherehani bado haijarudi, kwa kuwa faini imeongezwa kwa kila siku iliyopita, na mkopeshaji ametuahidi jibu Ijumaa. Jumapili ijayo, baada ya Misa ya pili, mwalimu mstaafu na mhasibu mmoja watakuwa katika chumba cha mikutano hadi saa nane mchana. Mwenye mkataba wa mkopo, hata uliokunjwa na kufichwa chini ya godoro, aje nao wausome pamoja. Mlango utafungwa, na hakuna atakayeandika jina.