Bibi Harusi, Stara Haibandikwi Mwishoni

Sisi mafundi wa Mpanda tunaletewa gauni lililoagizwa mtandaoni siku mbili kabla ya nikahi: mgongo wazi, mikono hakuna. Tunaunga kitambaa, tunabahatisha rangi, bibi harusi analia. Ya nini yote hayo?

Asia Idarous Khamsin, mzaliwa wa Zanzibar, aliipandisha kanga yetu jukwaani kupitia Fabak Fashions, akaanzisha onyesho la Lady in Red, hadi akaitwa Mama wa Mitindo. Hakungoja mtindo uje na meli.

Nasi tunasema: njoo upimwe miezi miwili kabla. Stara ikatwe pamoja na gauni. Pesa ibaki mtaani kwako, nawe siku yako ukae kwa raha, inshaallah.