Dhima ya Mbwa I Shingoni mwa Mwenyewe

Mombasa ni kisiwa kidogo chenye watu wengi. Nyumba za Mji wa Kale zimepakana ukuta kwa ukuta, na vichochoro vyake ni vyembamba hata watu wawili wakikutana sharti mmoja ampishe mwenziwe. Katika mji wa namna hii mambo ya mtu peke yake ni machache. Moshi wa jiko la huyu huingia dirishani kwa yule, na mbwa wa huyu ni habari ya mtaa mzima. Yafaa basi tuyazungumze waziwazi mambo ya ufugaji wa mbwa, maana tumeyanyamazia mno. Wanaofuga wamenyamaza kwa kudhani ni hiari yao, na wasiofuga wamenyamaza kwa kuona ni najisi isiyofaa kutajwa. Katikati ya kimya hicho wanyama wanateseka na watoto wanaingia hatarini.

Neno langu ni moja. Mwenye makosa si mbwa. Ni mtu aliyemleta duniani au nyumbani kwake, kisha akakataa kumbeba. Anayefuga mbwa amejitwika dhima mbili, ya mnyama na ya jirani. Na anayezalisha mbwa amejitwika dhima ya kila mtoto atakayezaliwa mikononi mwake.

Nianze na dini, kwa kuwa hapo ndipo wengi wetu tunapofunga mlango wa mazungumzo. Ni kweli kwamba sisi tunaofuata madhehebu ya Imam Shafii twamhesabu mbwa kuwa najisi, na chombo alichotia ulimi huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Lakini hiyo ni hukumu ya tohara. Haikumpa mtu ruhusa ya kumtupia mawe mnyama aliyelala kivulini, wala ya kumwagia maji ya moto mama mwenye watoto aliyejibanza chini ya ngazi. Mtume wetu (s.a.w.) aliyetufundisha kuosha mara saba ndiye aliyetusimulia, katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, habari za msafiri aliyeshikwa na kiu akashuka kisimani kunywa. Alipotoka akamwona mbwa anaramba udongo kwa kiu. Akashuka tena, akajaza kiatu chake cha ngozi maji, akapanda nacho akikiuma kwa meno, akamnywesha. Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake kwa tendo hilo. Je, aliyeghufiriwa kwa kumnywesha mbwa na anayejivunia kumvunja mbwa mguu, hao wako katika njia moja?

Dini hiyohiyo imeuwekea ufugaji mipaka. Tumefundishwa kwamba anayeweka mbwa asiye wa mifugo, wa kuwinda wala wa shamba hupunguziwa thawabu za amali zake kila siku, na wanavyuoni wengi wamepimia humo ulinzi wa nyumba kwa kuwa haja yake ni ya namna hiyo. Qur'ani nayo, katika Sura Al-Maida, aya ya 4, imehalalisha windo la wanyama waliofunzwa, na katika Sura Al-Kahf inamtaja mbwa wa Watu wa Pangoni aliyelala kizingitini. Maana yake kwa mwenye kuzingatia ni kuwa mbwa hawekwi kwa upuuzi. Huwekwa kwa haja, na aliyewekwa kwa haja ana haki.

Na mji huu si wa Waislamu peke yao. Wakristo wanasoma katika Mithali, mlango wa 12, kwamba mwenye haki huujali uhai wa mnyama wake. Wahindu wanakijua kisa cha mfalme Yudhishthira wa Mahabharata, aliyekataa kuingia mbinguni iwapo mbwa aliyeandamana naye angeachwa nje. Kwa hiyo hapana mtu Mombasa, awe wa msikiti, wa kanisa au wa hekalu, anayeweza kuifanya dini yake kuwa kisingizio cha ukatili.

Sasa tutazame dhima ya mnyama mwenyewe. Mbwa wengi wa mitaa ya Kizingo, Tudor na Ganjoni wamewekwa kulinda nyumba. Hilo si kosa. Kosa ni kumfunga mnyororo mfupi tangu alfajiri hadi magharibi, juani, na sufuria ya maji iliyokauka, kwa imani kwamba mateso yatamfanya mkali. Mbwa aliyefungwa daima hawi mlinzi bora. Huwa mwoga na mwenye hasira, haijui tofauti ya mwizi na mtoto wa jirani, na siku mnyororo ukikatika humwuma wa kwanza kumkuta. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo, na mbwa ni vivyo hivyo. Anataka maji safi mchana kutwa, kivuli, chakula cha kumtosha, nafasi ya kutembea na mtu wa kumfunza. Na joto letu la kaskazi tusilisahau. Mbwa hana jasho la kumpoza mwili kama letu. Hujipoza kwa kuhema. Anayemfungia ndani ya gari lililofungwa vioo, au juu ya dari la saruji adhuhuri, anamuua.

Dhima ya pili ni ya jirani. Ibn Battuta alipofika hapa mwaka 1331 aliandika kwamba watu wa Mombasa walikuwa na visima kwenye milango ya misikiti, na hakuna aliyeingia kabla ya kuosha miguu. Desturi hiyo ya usafi ingali hai. Mzee anayetoka nyumbani na udhu wake kwenda Msikiti wa Mandhry kwa sala ya alfajiri ana haki ya kufika bila kurukiwa na mbwa mwenye mate. Bibi anayeanua nguo ana haki ya kutokuta kinyesi kibarazani pake. Mtu wa ghorofa ya juu ana haki ya kulala. Basi mwenye mbwa amtoe kwa kamba, aokote uchafu wake, afunge lango lake, na akiambiwa na jirani kwamba mbwa wake anakera, asijibu kwa ubishi. Mbwa anayechukiwa mtaa mzima mara nyingi amechukiwa kwa ajili ya adabu za mwenyewe.

Juu ya yote hayo kuna ugonjwa, na hapa naomba kila mzazi anisikilize. Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia. Takriban kesi zote za binadamu, 99 kwa kila 100, hutokana na mbwa, na kati ya wanaoumwa na mbwa wanaoshukiwa, 40 kwa kila 100 ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishajitokeza, karibu kila mgonjwa hufa. Lakini kabla ya dalili upo wakati wa kuokoa: kidonda kioshwe papo hapo kwa maji mengi na sabuni muda wa dakika 15, kisha mtu apelekwe hospitali siku hiyohiyo kuanza sindano za chanjo, na azikamilishe zote. Wanaokimbilia kupaka vitunguu au mafuta ya taa wanapoteza saa ambazo hazirudi.

Na bora kuliko hayo ni kumchanja mbwa. Wataalamu wa afya wamethibitisha kwamba mbwa 70 kati ya 100 wakichanjwa, na wakiendelea kuchanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Ndugu zetu wa Pemba wametuonyesha. Kwa kampeni za chanjo waliukata ugonjwa huo kisiwani mwao mwaka 2014. Mwaka 2016 ukarudi, na watu ndio waliouvusha bahari kwa kusafirisha mbwa. Wakachanja tena, na mwaka 2018 wakautokomeza mara nyingine. Wapemba ni Waswahili na Waislamu kama sisi, na mbwa kwao ni najisi kama kwetu, lakini hawakuona aibu kumshika mbwa ili mtoto apone. Sisi nasi ni kisiwa, ila chetu kina daraja la Nyali, daraja la Makupa na kivuko cha Likoni, na kila siku huingia kinachoingia. Kwa hiyo chanjo yetu haiwezi kuwa ya mara moja. Sharti iwe ya kila mwaka.

Miji mingi ya Afrika Mashariki ilijaribu zamani kumaliza mbwa koko kwa sumu na risasi. Haikufaulu. Ukiwaua wa mtaa huu, wa mtaa wa pili huja kula jaa lilelile, na pengine umewaua waliochanjwa ukawaachia nafasi wasiochanjwa. Mbwa koko hawakuota ardhini. Ukifuatilia asili ya kila mmoja utamkuta mtu: aliyehama nyumba akamwacha langoni, au aliyeacha jike lake lizae kila mara kisha akawatupa watoto jalalani usiku. Hapo ndipo tunapofika kwenye chanzo.

Chanzo ni uzalishaji usio na dhamiri. Tazameni hesabu yake. Jike hubeba mimba kwa muda wa siku 63 hivi, anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, na kila uzao unaweza kuwa wa watoto wanne, sita au zaidi. Mwenye tamaa huona hapo fedha. Humpandisha jike angali mchanga, kisha humpandisha tena kabla hajapata nguvu, na akikosa dume la mbali humpandisha kwa baba yake au ndugu yake. Watoto huondolewa ziwani wakiwa na wiki nne au tano, huuzwa kando ya barabara ndani ya maboksi, hawana chanjo, wana minyoo, na wengi hufa kwa kuhara damu kabla mnunuzi hajamaliza furaha yake. Anayebaki hai hukua na hofu, kwa kuwa alitengwa na mama yake kabla hajajifunza tabia za mbwa.

Mzalishaji mwenye utu hafanyi hivyo. Huanza kwa kujiuliza kama watoto hao wana mahali pa kwenda. Humpeleka jike na dume kwa daktari wa mifugo wakaguliwe viungo, hasa nyonga kwa mbwa wakubwa kama mchungaji wa Kijerumani na Rottweiler, ambao ulemavu wa nyonga hurithiwa katika nasaba zao. Hampandishi jike kabla hajakomaa, na humpumzisha baina ya uzao na uzao. Huwaacha watoto na mama yao mpaka watimize angalau wiki nane, wakiwa wamepewa dawa ya minyoo na wameanza chanjo. Humhoji mnunuzi kabla ya kupokea fedha yake, na mnunuzi akishindwa kumweka, humpokea mbwa wake arudi. Karatasi ya nasaba, hata ikitoka East Africa Kennel Club ya Nairobi, haiondoi hata moja ya wajibu huo.

Na mnunuzi naye asijione hana lawama, kwani mwuzaji huyo hulishwa na mkono wake. Husky mwenye manyoya ya theluji ya Siberia, na mbwa wa pua bapa asiyeweza kuhema vizuri, hao kuwaleta katika unyevu wa Mombasa ili wapigwe picha ni dhuluma. Kwa Mwislamu jambo ni zito zaidi, maana imepokewa kwamba Mtume alikataza thamani ya mbwa, na kwa Mashafii kumuuza hakusihi. Anayehitaji mlinzi kwa haki, wako mbwa wa kienyeji waliokwisha kuzaliwa, wanaolistahimili joto hili, wanaotaka bwana tu. Na asiyekusudia kuzalisha, dume lake alihasi na jike lake alifunge kizazi. Kuzuia uzao ni rehema kuliko kuutupa.

Serikali ya kaunti nayo ina fungu lake. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeziachia kaunti udhibiti na ustawi wa wanyama, na leseni za mbwa zimetajwa humo kwa jina. Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inamhesabu mkosaji anayempiga mnyama kikatili, anayemtesa kwa njaa, au anayemtelekeza. Tunaitaka kaunti iwaandikishe mbwa, ilete chanjo mitaani mpaka Majengo na Bondeni, iwakague wanaozalisha kwa biashara, na iondoe taka zinazowalisha mbwa koko.

Wako watakaosema kwamba binadamu wana njaa, na mimi nahangaika na mbwa. Ndugu zangu, mtoto anayeumwa na mbwa asiyechanjwa mara nyingi ni wa maskini, anayekwenda shule kwa miguu, na baba yake ndiye atakayetafuta nauli na sindano nyingi kwa sababu mwingine aliona tabu kumchanja mbwa wake sindano moja. Kumtendea mbwa haki ni kumtendea haki mtoto huyo.

Basi asiyeweza gharama ya chakula, maji, chanjo na daktari, asifuge, wala hana aibu yoyote kwa hilo. Anayefuga, amchanje kila mwaka kabla ya tarehe 28 Septemba, siku ambayo dunia huadhimisha vita dhidi ya kichaa cha mbwa, na ampe jirani yake habari kwamba amefanya hivyo. Anayezalisha kwa tamaa, aache. Asiyependa mbwa, ampishe njia bila jiwe, na awafunze watoto wake hivyo hivyo. Na maimamu, mapadri na walimu wayaseme haya mbele ya watu, kwa sababu kila roho tuliyoifungia langoni mwetu tutaulizwa tuliifanyia nini.