Kufundisha Kutafuta Kosa, si Kubadili Kipuri

Ashukaye kutoka Lushoto hadi Mombo, kilometa zipatazo 33 za kona na mteremko, maisha yake yamo katika breki. Taa ya ABS ikiwaka, breki za kawaida hubaki, lakini ule ulinzi wa kuzuia magurudumu yasikwame na kuteleza hutoweka. Na mvua ikinyesha huko Soni, haja yake ndipo inapoonekana.

Mwanafunzi wa ufundi afundishweje kuitafuta hitilafu hiyo? Tumeona karakana ambamo mashine ilitaja kihisio cha mwendo cha gurudumu la mbele, kipya kikanunuliwa kwa bei kubwa, na taa ikaendelea kuwaka. Kumbe waya ulikuwa umechubuka. Mashine hutaja njia ya umeme iliyokosa ishara. Haisemi kama kosa ni waya, pete yenye meno iliyopasuka, beringi iliyolegea, au unga wa chuma uliogandamana na sumaku.

Kwa hiyo twapendekeza mkufunzi aifiche mashine kwanza. Kila mwanafunzi aandike dhana yake, ndipo gurudumu livuliwe, litazamwe, lisafishwe, na ukinzani wa kihisio ulinganishwe na ule wa upande wa pili. (Kipimo hiki ni cha vihisio vya koili tu, vile vyenye sakiti ndani visipimwe hivyo, jambo ambalo wakufunzi wengine husahau kulitaja.)

Tutaambiwa vipindi havitoshi. Sisi tungetoa vipindi viwili kwa gurudumu moja, bila kujuta.