Ghorofa Bila Baraza: Nani Atailinda Mali ya Pamoja?

Miji ya Kenya haitanuki tu siku hizi, inapanda. Apitaye Kilimani, Kileleshwa au Ngara hujionea mwenyewe. Palipokuwa na nyumba moja, bustani na ua wa michongoma, leo pana jengo la ghorofa 12 au 15 ambamo familia 80 hutumia lango moja, tangi moja la maji na paa moja. Serikali nayo imeingia katika mbio hizo. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ilitiwa sahihi Machi 2024, baada ya Mahakama Kuu kuutangaza ushuru wa awali kuwa kinyume cha Katiba mnamo Novemba 2023. Kwa sheria hiyo mwajiriwa hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake wa jumla, na mwajiri huongeza kiasi kicho hicho. Mwalimu wa shule ya msingi kule Kitui au Busia huchangia kila mwezi, awe na nia ya kuishi ghorofani au asiwe nayo. Mei 2025 wakazi wa kwanza wa mradi wa Mukuru, Nairobi, walikabidhiwa funguo zao.

Mjadala ulioandamana na mambo hayo umekuwa mkali, na ni haki uwe mkali. Tumeuliza nani alipe, nani apewe na nani amefaidika na zabuni. Lakini liko swali moja ambalo sijasikia likiulizwa kwa uzito unaostahili: baada ya funguo kukabidhiwa na wapiga picha kwenda zao, ni nani atakayelitunza jengo, kwa fedha zipi, na kwa lugha ipi?

Nathubutu kulizungumzia suala hili kwa sababu mbili. Kwanza, kwa zaidi ya miaka kumi nimeishi katika ghorofa ya tisa ya jengo ambalo wakazi wenyewe ndio wenye mali. Wahenga walinena kuwa nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Pili, kazi yangu ni isimu, na nimekuja kuamini kwamba sehemu kubwa ya matatizo ya majengo haya ni matatizo ya maneno kabla hayajawa matatizo ya saruji.

Tuanze na neno kununua. Mkenya aliyenunua shamba anajua alichonunua: mawe ya mipaka yapo na hati iko sandukuni. Anayenunua nyumba ya ghorofani hununua vitu viwili kwa bei moja. Kitu cha kwanza ni chumba chake, yaani nafasi iliyo kati ya kuta, sakafu na dari. Cha pili ni fungu katika vitu ambavyo hawezi kuvikata akaenda navyo: ngazi, lifti, paa, mabomba, pampu ya maji, ukuta wa nje na ardhi iliyo chini ya yote hayo. Kitu cha kwanza hukipiga rangi kila baada ya miaka michache. Cha pili hukisahau siku ile ile anapopewa ufunguo.

Sheria yetu haikusahau. Sheria ya kwanza ya umiliki wa sehemu za majengo ilitungwa mwaka wa 1987, ila kwa muda mrefu ilitumika kwa nadra. Wanunuzi wengi walipewa mkataba wa kukodi wa miaka mingi, 99 kwa mfano, pamoja na hisa katika kampuni iliyoshika hati ya ardhi yenyewe. Sheria mpya ya mwaka wa 2020, iliyoanza kutumika Desemba mwaka huo, ilikusudia kuuondoa utaratibu huo wa kuzunguka. Kila mwenye sehemu hupata hati yake kamili, na wenye sehemu wote kwa pamoja huwa shirika linalotambuliwa na sheria. Shirika hilo lina wajibu wa kulitunza jengo, kulikatia bima, kuanzisha mfuko wa matumizi na kuwatoza wanachama mchango kulingana na ukubwa wa fungu la kila mmoja. Sheria hiyo pia imetaka pawepo kamati ya ndani ya kusuluhisha migogoro. Majirani zetu wa Tanzania walikuwa wametunga sheria yao ya namna hii mwaka wa 2008.

Kwa karatasi, basi, hatuna upungufu. Upungufu wetu ni wa desturi. Tumejenga ghorofa kabla ya kujenga ujirani wa ghorofani.

Msomaji anayeijua Lamu au Mji wa Kale wa Mombasa atanielewa upesi. Nyumba za ghorofa si jambo geni katika pwani ya Waswahili. Watu wamekaa orofani huko kwa karne nyingi. Lakini mbele ya nyumba hizo pana kitu ambacho msanifu wa Nairobi hakukichora, nacho ni baraza, kile kiti cha mawe kilichojengwa pamoja na ukuta wa mlangoni. Hapo wapita njia husalimiwa, hapo habari husikika, na hapo ugomvi wa watoto humalizwa na wazee kabla haujawa ugomvi wa wazazi. Si ajabu kwamba neno lilo hilo moja, baraza, hutaja kiti hicho na hutaja pia mkutano wa watu wanaoamua mambo yao. Hata chifu wa bara, asiye na kiti cha mawe, akiwaita watu chini ya mti husemekana ameitisha baraza. Lugha inatufundisha kwamba mahali pa kuketi pamoja na uwezo wa kuamua pamoja ni mama na mtoto.

Katika majengo yetu mapya mahali pa kukutania ni lifti. Humo watu sita husimama wakiangalia tarakimu zinavyobadilika, na kila mmoja huomba kimoyomoyo ghorofa yake ifike. Nimewahi kumjua jirani kwa kikohozi chake kwa miaka miwili kabla ya kumjua kwa jina. Watu wasiojuana hivyo ndio tunaotarajia wakae siku moja kwa mwaka, katika mkutano mkuu, wakubaliane juu ya mamilioni ya shilingi.

Hesabu yenyewe si ngumu, na mwalimu aweza kuifanyia kazi darasani. Tuseme jengo lina nyumba 80, na kila nyumba yatakiwa kulipa shilingi 6,000 kwa mwezi. Jumla ni shilingi 480,000. Kutoka hapo hulipwa walinzi, wafagiaji, uzoaji wa takataka, umeme wa ngazi na wa pampu, na fundi wa lifti. Sasa tuseme robo ya wenye nyumba hawalipi. Pengo ni shilingi 120,000 kila mwezi, na kwa mwaka ni 1,440,000. Mlinzi asipolipwa huondoka kesho yake, kwa hiyo hulipwa. Umeme usipolipiwa pampu husimama na mabomba hukauka jioni hiyo hiyo, kwa hiyo hulipiwa. Kinachoahirishwa ni kile kisicholalamika leo: ukaguzi wa lifti, utando wa paa wa kuzuia maji na akiba ya siku mbaya. Usipoziba ufa utajenga ukuta; na ukuta wa ghorofa ya kumi haujengwi kwa harambee ya Jumamosi moja.

Siku lifti inapokwama ndipo usawa wetu hufichuka. Kijana wa ghorofa ya pili hata habari hana. Mama mjamzito wa ghorofa ya saba hupanda akipumzika kila kituo. Mzee wa ghorofa ya kumi hubaki nyumbani kwake kama mfungwa, naye pengine ndiye aliyelipa ada zake zote bila kukosa. Hapo ndipo tunaelewa maana ya mali ya pamoja: deni la mmoja huketi juu ya magoti ya mwingine.

Mbona watu hawalipi? Wako wenye uwezo wasiojali. Mwenye nyumba nne za kupangisha, anayeishi ng'ambo, hapandi ngazi hizo. Lakini wako pia wasioelewa wanalipia nini, kwa sababu hakuna aliyewaeleza kwa lugha waifahamuyo. Katika mkutano wetu mmoja liliwekwa mbele yetu azimio lililoandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, sentensi moja ikichukua nusu ukurasa. Jirani yangu, muuguzi mstaafu, aliniinamia.

"Mwalimu, mwanangu," akaninong'oneza, "haya yasemaje? Nisije nikainua mkono nikajifunga."

Nilimweleza kwamba azimio lilitaka kila mwenye malimbikizo ya miezi mitatu akatiwe maji bila kuitwa kujieleza. Alinyamaza. Yeye mwenyewe alikuwa na malimbikizo ya miezi minne, kwani mumewe alikuwa ametoka hospitalini. Kisha akasimama, akasema kwa Kiswahili kizuri kwamba hakatai kulipa, ila anaomba apangiwe. Baada yake wakasimama wengine watatu ambao hatukujua kuwa wana shida. Mkutano ukakubaliana kwamba wenye dhiki walipe kwa awamu, na wenye nyumba za kupangisha wasiolipa waandikiwe na wakili. Kabla ya hapo majadiliano yetu yote yalikuwa yakiendeshwa na watu watano au sita, wale wale kila mwaka, na wengine tulidhani wameridhika kwa kuwa wamenyamaza.

Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Hata hivyo sheria ndogo za majengo, kumbukumbu za mikutano na taarifa za fedha aghalabu hutolewa kwa Kiingereza peke yake. Katika mradi wa serikali ambao baadhi ya wanunuzi wake ni wachuuzi, mafundi na vibarua, hilo si suala la ufasaha. Ni suala la nani atamiliki jengo kwa kweli na nani atamiliki kwa jina tu.

Watasema wengine kwamba ushirika wa namna hii hauwezekani ila katika nchi tajiri. Natoa mfano wa Co-op City, katika eneo la Bronx mjini New York, mtaa wa ushirika wenye minara 35 na nyumba 15,372, ambao wakazi wake wa kwanza waliingia mwaka wa 1968. Ada zilipozidi kupandishwa, mwaka wa 1975 wakazi waliungana wakakataa kuzilipa kwa watawala wa mtaa. Mgomo wao uliendelea kwa miezi 13, na ulipomalizika mwaka wa 1976 usimamizi ulipita mikononi mwao. Lakini walipoushika usukani walitambua kwamba gharama hazikuondoka pamoja na wakubwa wa zamani. Deni lilikuwepo, kasoro za ujenzi zilikuwepo, na ada ilibidi zikusanywe, mara hii na wao wenyewe. Utajiri haukuwaepusha na shida. Kilichowafaa ni kwamba walikuwa wamejifunza kukutana.

Nasi si wageni katika mambo ya ushirika. Muungano wa kitaifa wa vyama vya ushirika wa nyumba ulianzishwa nchini mwaka wa 1979. Walimu wanaosoma safu hii wengi wao ni wanachama wa vyama vya akiba na mikopo. Wanajua kuitisha hesabu zilizokaguliwa, kuchagua kamati na kuiondoa, na kutumia kura moja kwa kila mwanachama bila kujali wingi wa hisa zake. Ajabu ni kwamba mtu yule yule anayeihoji kamati ya chama chake kwa ukali huingia katika jengo lake na kuwa bubu, kana kwamba nyumba aliyoinunua kwa jasho la miaka 20 ni ya mwenyewe mwingine.

Yako mambo manne yawezayo kufanywa pasipo kungojea sheria mpya. La kwanza, kila mnunuzi wa nyumba ya ghorofani, ya serikali au ya mtu binafsi, aelezwe kabla ya kutia sahihi kiasi cha ada na kazi yake. La pili, sheria ndogo na taarifa za fedha zitolewe kwa Kiswahili pia, na hesabu zibandikwe mahali ambapo kila mkazi hupita. Mali bila daftari hupotea bila habari. La tatu, sehemu ya kila ada iwekwe katika akiba ya matengenezo makubwa tangu mwezi wa kwanza, jengo likiwa bado linanukia rangi, kwa maana ndipo watu huwa radhi kulipa. La nne, wasanifu watuchoree baraza. Chumba kimoja cha chini, viti na kivuli vyatosha. Si lazima kiwe bwawa la kuogelea.

Kwa wanafunzi nina neno la ziada. Wengi wenu mtaishi ghorofani, mpende msipende, na shule haiwafundishi jinsi ya kuishi huko. Jifunzeni kuendesha mkutano, kuandika kumbukumbu zinazoeleweka na kuisoma taarifa ya fedha mpaka mstari wa mwisho. Na walimu, mnapotafuta zoezi la insha au mjadala, wapeni watoto swali hili: lifti imeharibika, wa ghorofa ya kwanza anakataa kuchangia matengenezo kwa kuwa haitumii, je, ana haki? Mtashangaa jinsi darasa litakavyogawanyika, na jinsi majibu yao yatakavyohusu nchi nzima kuliko jengo moja.