Ziwa Tele, Mifereji Mikavu

Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, wako waliodhani kazi imekwisha. Haikuwa imekwisha. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa ya enzi hizo, baraza la mji lililotunga sheria ndogo au makadirio yake ya fedha lilingoja idhini ya Waziri aliyeko Nairobi. Diwani angemwahidi mpiga kura maji kwa mamlaka gani? Katiba ya 2010 iliugeuza mpango huo. Jedwali la Nne limezikabidhi kaunti huduma za maji, na Kifungu cha 43 kimeyafanya maji safi na ya kutosha kuwa haki ya kila mtu, wala si hisani ya gavana.

Tukumbushane basi jinsi huduma hiyo inavyosimamishwa. Kwa Sheria ya Maji ya 2016, kaunti huunda kampuni ya umma: Homa Bay ina HOMAWASCO, Migori ina MIWASCO. Kaunti ndiyo mmiliki, kampuni ndiyo mtoa huduma, na mdhibiti, WASREB, hutoa leseni na kuidhinisha bei. Vijijini, ambako biashara hiyo hailipi, kaunti haikutuliwa mzigo wake.

Wengi hudhani mradi wa maji ni bomba na utepe wa kukatwa. Bomba ndilo jambo jepesi. Maji ya Ziwa Victoria hayana budi kuvutwa kwa pampu, kutulizwa, kuchujwa, kutiwa klorini, kisha kupandishwa hadi kwenye tangi la mlimani. Na kazi hiyo hudai umeme na dawa kila siku, miaka nenda miaka rudi. Kampuni isiyolipa umeme hukatiwa, na mji ulio ukingoni mwa ziwa hulala na kiu. Hapo mama hurudi ziwani na mtungi wake wa lita 20, pale pale wanapooga watu na kunywa ng'ombe. Mwanzoni mwa 2015 kipindupindu kilizikumba Migori na Homa Bay zote mbili. Maradhi hayo hayaulizi kadi ya chama.

Kwa hiyo sisi hatuanzi kwa kuuliza bomba ni la kilomita ngapi. Twauliza: wakurugenzi wa kampuni waliteuliwa kwa ujuzi, au kwa shukrani za kampeni? Fedha za ankara zinakwenda wapi? Ni ofisi zipi za serikali zisizolipia maji yao, ilhali mjane akikosa mwezi mmoja hukatiwa? Na mtungi wa kioskini unauzwa kwa bei iliyoidhinishwa? (Swali hili la mwisho ndilo zito kuliko yote, kwani kioskini ndiko maskini wanunuako.)

Kifungu cha 35 chatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 yampa afisa siku 21 za kujibu. Tunaziomba kamati za haki na amani parokiani ziandike barua hiyo mwezi huu, nakala iende kwa Bunge la Kaunti. Msiondoke ofisini kabla tarehe ya kupokelewa haijapigwa muhuri. Siku 21 zitahesabiwa kuanzia hapo.