Tusingoje Kutegewa

Mtoto wa Kiswahili huweza kutega kabla hajajua kuandika jina lake. Jioni, baada ya chakula, husimama mbele ya wenzake akasema "Kitendawili!", nao wakamwitikia "Tega!" Wakishindwa, yeye hudai mji, na akipewa mji usiompendeza huukataa, akadai mwingine mpaka roho yake iridhike. Katika mchezo huo mwenye enzi ni mtegaji. Yeye ndiye aliyekaa akalitazama yai hata akaona nyumba isiyo na mlango. Mteguaji hufika baadaye, hali kazi kubwa ya akili imekwisha kufanywa.

Nimeukumbuka mchezo huo kwa sababu kwa muda sasa nafuatilia chemsha bongo ya vyuo vikuu vya Marekani, ile wanayoiita quiz bowl. Kila nikizidi kuifuatilia, nazidi kuamini jambo moja ambalo nataka niwaambie wanafunzi na walimu wa vyuo vyetu bila kupindisha: shindano la maarifa ni mali ya anayeandika maswali. Asiyeandika ni mgeni katika shindano hilo, hata akiondoka na kombe.

Mchezo wenyewe si mgumu kuueleza. Timu mbili za watu wanne wanne huketi, kila mchezaji na kitufe chake cha kengele. Msomaji husoma swali la kugombania, na yeyote anaweza kubonyeza hata kabla swali halijafika mwisho. Akipata, timu yake hupewa alama 10, kisha hufunguliwa swali la nyongeza lenye vipande vitatu vya alama kumi kumi, ambapo wanaruhusiwa kunong'onezana. Akikatiza msomaji na kukosa, katika mashindano mengi timu hunyang'anywa alama 5. Katika baadhi ya mashindano, anayejibu mapema sana hupewa 15. Maswali ya kugombania yakifika ishirini, mchezo umekwisha.

Lakini hayo ni magamba tu. Kiini kimo katika namna swali linavyojengwa. Swali lao huanza kwa dalili ngumu isiyojulikana ila kwa wachache, likashuka hatua kwa hatua, hata mwisho likawa jepesi kwa kila aliyepita darasani. Wenyewe husema limejengwa kama piramidi. Nimejaribu kuandika moja kwa Kiswahili, nawe lisome polepole, uone utabonyeza wapi:

Mshairi Mwingereza John Milton aliutaja mji huu kwa tahajia ya Kireno, pamoja na Mombasa na Malindi, katika utenzi wake wa mwaka 1667. Sarafu zake za shaba ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Sultani wake Al-Hasan bin Sulaiman ndiye anayetajwa kuwa mjenzi wa kasri la Husuni Kubwa, na ni katika enzi yake Ibn Battuta alipofika hapo mwaka 1331. Mji huu ulishika biashara ya dhahabu ya Sofala, hata Wareno wa Francisco de Almeida wakauteka mwaka 1505. Kwa alama kumi, taja mji huu wa kisiwani, katika mkoa wa Lindi, ambao magofu yake yaliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981 pamoja na ya Songo Mnara.

Ni Kilwa. Aliyemsoma Milton amekwisha bonyeza zamani. Aliyesoma habari za mambo ya kale alibonyeza kwenye sarafu, na mwanafunzi wa historia alingoja Ibn Battuta. Aliyebaki na alichofundishwa sekondari tu alifika mwisho, naye hakutoka mikono mitupu. Swali moja limewapima watu wanne wa vimo vinne. Sasa lilinganishe na swali tulilolizoea, "Kilwa iko mkoa gani?" Hilo hupima wepesi wa kidole. Wote wanajua, na anayepata ni yule mwenye kidole kilichokuwa karibu na kengele.

Nikwambie na hili. Aya hiyo fupi ilinichukua jioni nzima, na katika jioni hiyo nilijifunza juu ya Kilwa kuliko nilivyojifunza katika miaka yangu yote ya shule ya msingi. Ilibidi nijiulize lipi linajulikana na nani, lipi litangulie, na lipi linaweza kuwa kweli kwa Malindi pia na hivyo kumwonea anayejibu. Nani asiyeona kwamba hiyo ndiyo elimu yenyewe? Anayejibu hukumbuka, lakini anayeandika hana budi kuelewa.

Wamarekani nao hawakuanza hivyo. Mchezo wao una asili katika burudani za askari wa Vita vya Pili vya Dunia. Mtu mmoja aitwaye Don Reid aliutengeneza, ukaingia redioni NBC mwaka 1953, kisha ukahamia televisheni mwaka 1959 kwa udhamini wa kampuni ya General Electric. Nchi nzima ilitazama. Machi 1966, Agnes Scott, chuo kidogo cha wanawake katika jimbo la Georgia, kiliishinda Princeton kwa alama 220 kwa 215, na jibu la mwisho lililoleta ushindi lilitolewa na mwanafunzi kipofu. Nawaomba walimu wa vyuo vya mikoani walishike hilo, wanaodhani mambo haya ni ya Mlimani na Nairobi peke yake. Uingereza nayo ilichukua mchezo huohuo mwaka 1962, ikauita University Challenge, na hadi leo unaonyeshwa.

Kisha mwaka 1970 kipindi cha Marekani kilizimwa. Udhamini umekwenda, kamera zimekwenda. Mchezo ukaja kurudi vyuoni mwaka 1977, ukiongozwa na kampuni iliyotunga maswali na kuyauza, na wanafunzi wakawa wateja tu. Baadhi yao hawakuridhika. Waliona maswali yale ni mepesi, yanarudiwarudiwa, hayamheshimu mtu aliyesoma. Walifanya nini? Walishika kalamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakaasisi chama chao, Academic Competition Federation, kilicholea desturi moja ambayo naihusudu kwa moyo safi: timu iliyokuja kushindana ilileta fungu la maswali iliyoyaandika yenyewe. Wahariri waliyapitia, wakafuta, wakasahihisha, na timu nyingine zikayachezea. Kila aliyekula alileta kitoweo chake. Mwaka 1996 wachezaji wengine wakaanzisha kampuni ya NAQT, ambayo leo huendesha fainali ya vyuo kila mwaka, mara nyingi jijini Chicago. Ile kampuni ya kwanza ilifunga mashindano yake ya vyuoni mwaka 2008, na mchezo haukutikisika, maana ulikwisha kupata wenyewe. Hata fainali za 2020 zilipofutwa kwa sababu ya korona, vijana wale walihamia intaneti wakaendelea kusomeana maswali, kila mtu chumbani kwake.

Sitaki kuwapamba kupita kiasi. Mwaka 2013 iligundulika kwamba baadhi ya waandishi wa NAQT, ambao wakati huohuo walikuwa wachezaji, waliwahi kufungua kurasa za siri zenye madokezo ya maswali yajayo. Harvard, chuo cha mmoja wao, ikapokonywa mataji yake ya 2009, 2010 na 2011. Haikuthibitishwa kwamba madokezo hayo ndiyo yaliyowapa ushindi. Mataji yalichukuliwa hata hivyo, na kwa maoni yangu ilikuwa haki. Shindano la maarifa halina mwamuzi wa kuona mpira umevuka mstari. Lina amana tu, na amana ikivunjwa hakuna kinachobaki. Wale watakaoandika maswali kwetu nawasihi waliweke hili mbele tangu siku ya kwanza: mwandishi wa swali hachezi swali lake, na halionyeshi kwa rafiki wala kwa ndugu.

Sasa tujitazame sisi. Kuanzia mwaka 2007 Afrika ilipata mashindano kama hayohayo, Celtel Africa Challenge, baadaye Zain Africa Challenge, kwa jina la kampuni ya simu iliyoyadhamini, yakiongozwa kwenye televisheni na John Sibi-Okumu wa Kenya kwa sauti yake ile ya utulivu. Vyuo vya Kenya, Uganda, Tanzania na nchi nyingine viliketi kwenye meza zenye taa. Tulijivuna, na tulikuwa na haki ya kujivuna, kwa sababu vijana wetu walionekana wakishangiliwa kwa akili zao kama wanavyoshangiliwa wachezaji wa mpira. Mwaka 2010 Zain iliuza biashara zake za Afrika kwa Bharti Airtel ya India. Mashindano yale leo hayapo.

Simlaumu mdhamini. Mdhamini ni mfanyabiashara, huja na soko na huondoka na soko. Najilaumu mimi na walimu wenzangu. Taa zilipozimwa, nani alibaki na maswali? Ni chuo gani kilichokuwa na kabati la mafungu yaliyoandikwa na wanafunzi wake, hata jioni inayofuata wakakaa chini ya mwembe wakaendelea? Tulikuwa wateguaji hodari, lakini mtegaji alikuwa mbali, na alipofunga virago mchezo ukamfuata.

Na ugonjwa huo haujapona. Niliwahi kualikwa na klabu ya chemsha bongo ya chuo kimoja, nitakistiri jina lake. Vijana wachangamfu, wenye adabu. Wakanionyesha barua za kuomba udhamini, mchoro wa fulana, na bajeti ya ukumbi na maji ya chupa. Nikawauliza, "Wanangu, maswali yako wapi?" Wakatazamana. Hawakuwa na hata moja, walikuwa wakingoja mdhamini ndipo wamtafute mtu wa kuwatungia. Niliondoka na huzuni ambayo sijaimaliza.

Mtu atasema: maswali ya Wamarekani si yapo mtandaoni bure? Yapo, maelfu kwa maelfu, ya miaka mingi nyuma, na zipo programu za bure zinazokusomea swali neno baada ya neno, nawe ukibonyeza kwenye simu yako. Yatumieni. Ndiyo shule nzuri kuliko zote ya kujifunza umbo la swali. Lakini mkiishia hapo mtakuwa mabingwa wa marais wa Marekani na wachoraji wa Ulaya, na yenu yatabaki hayajategwa. Nani ameandika swali la Siti binti Saad, aliyesafiri kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri? La utenzi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858? La Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari wa Tanganyika aliyeona mwaka 1963 kwamba maziwa ya moto yameganda kabla ya yaliyopoa, akauliza sababu, akachekwa, akashikilia swali lake, na mwaka 1969 likachapishwa katika jarida la fizikia pamoja na Denis Osborne? Leo wanafizikia duniani wanabishana juu ya jambo lenye jina la Mpemba. Kama kuna mtu anayestahili kuwa kielelezo cha mchezo huu ni yeye, aliyejulikana kwa kuuliza.

Wapo watakaoona kuandika maswali ni kazi ya nyuma ya pazia, isiyo na makofi. Wamtazame Ken Jennings, aliyeshinda mara 74 mfululizo katika kipindi cha maswali cha televisheni, Jeopardy!, mwaka 2004. Kabla dunia haijamjua alikuwa mchezaji wa timu ya chuo chake, Brigham Young, na mwandishi na mhariri wa maswali ya NAQT. Miaka ile ya kuandika haikumpotea.

Wala jambo hili si geni kwetu. Muyaka wa Mombasa aliwatupia washairi wenzake mafumbo, nao wakamjibu. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilikuwa uwanja wa malenga kuulizana na kujibizana, mtu wa Tanga akimtega wa Tabora bila kuonana uso kwa uso. Hapakuwa na fulana wala maji ya chupa. Palikuwa na karatasi, stempu ya posta, na watu waliopenda kujua.

Kwa hiyo, ninyi wanafunzi mnaosoma hapa, nawaomba hivi. Jumamosi ijayo kaeni wanne. Mmoja achukue historia, wa pili fasihi, wa tatu sayansi, wa nne dini, sanaa na muziki. Kila mmoja aandike maswali matano kwa umbo lile la Kilwa, gumu likitangulia na jepesi likimalizia, na kila dalili aihakikishe kitabuni kabla ya kuiandika. Hayo ni ishirini, maswali ya kugombania ya kutosha mchezo mmoja. Kisha kitumieni chuo cha jirani barua mkiwaambia waandike ishirini yao na waje nayo. Kengele msipokuwa nazo, gongeni meza. Nanyi walimu, wapeni vijana hawa chumba na saa mbili za jioni, na mtu wa kuwasahihishia.

Atakayeandika fungu la kwanza aniletee kupitia gazeti hili. Nitalisoma lote, nami nitarudisha ishirini yangu.