Ini si Ubongo: Tusipime Mwili kwa Kipimo Kimoja



Imekuwa ada miongoni mwetu kwamba akitokea muuzaji wa dawa nje ya msikiti, akadai kuwa chupa yake hutengeneza seli za mwili mzima, tunaipokea kauli hiyo bila ya kumuuliza: seli za kiungo gani? Aghlabu hana jawabu, ilhali swali hilo ndilo msingi wa jambo lenyewe.

Ni kweli kwamba DNA iliyomo ndani ya seli huharibika kila siku, hata pasipo sumu wala mionzi, na kwamba mwili una nyenzo za kuirekebisha. Kwa kuzibainisha nyenzo hizo, Tomas Lindahl, Paul Modrich na Aziz Sancar, mzaliwa wa Uturuki, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2015. Lakini kutokana na ukweli huo haijuzu kuhitimisha kuwa kila kiungo hujirekebisha sawasawa na chenzake.

Dalili iko wazi. Mwaka 1974, watafiti Goth na Rajewsky walichapisha uchunguzi wao juu ya panya wachanga wa siku 10, waliopewa mara moja tu kemikali iitwayo ethilinitrosourea. Kemikali hiyo iliiharibu DNA ya ini na ya ubongo pia. Hata hivyo, aina moja ya dosari iliondoka upesi katika ini, na katika ubongo ikadumu. Na kwa hakika, kemikali hiyo huwaletea panya wa namna hiyo uvimbe wa saratani katika ubongo na mishipa ya fahamu, si katika ini.

Baadaye sababu ilifahamika. Dosari hiyo huondolewa na protini iitwayo MGMT. Kila chembe yake hutengeneza dosari moja tu, kisha nayo huangamia. Ini lina akiba kubwa ya protini hiyo. Ubongo una kidogo.

Basi anayesema, "Ini la mnyama limesalimika, kwa hiyo kitu hiki ni salama," amefanya kile ambacho wanavyuoni wa usul hukiita kiyasi pamoja na tofauti, nacho ni batili. Hatari ya kiyasi hicho huwaangukia zaidi watoto, ambao ubongo wao ungali unakua. Tukumbuke pia kwamba moshi wa tumbaku, unaovutwa majumbani mbele ya watoto hao, umebeba kemikali za jamii ya nitrosamini, ambazo baadhi yake huacha katika DNA dosari za namna hiyo hiyo.

Rai yangu ni hii: asiyeweza kutuambia dawa yake imepimwa katika kiungo gani, na kwa mnyama wa umri gani, hastahiki fedha zetu, sembuse miili ya watoto wetu. Na tutanabahi.